Shaba ya Babu, Dhahabu ya Sekenke

Kama umewahi kusafiri kwa basi kutoka Singida kwenda Nzega au Mwanza, basi umepita jirani kabisa na mgodi wa kwanza wa dhahabu nchini mwetu, na huenda ulikuwa umesinzia. Basi likishatoka Misigiri, njia panda ya kwenda Kiomboi, haliendi mbali kabla ya kuanza kuteremka mlima Sekenke. Ukichungulia dirishani unaiona mbuga ya Wembere imejitandaza kule chini kama mkeka, mpaka macho yanachoka. Abiria wazee hapo hupenda kusimulia habari za malori yaliyokatika breki enzi za barabara ya zamani. Wachache hukumbuka kwamba kwenye vilima vile, mwaka 1909, Wajerumani walianza kuchimba dhahabu, miaka tisini kabla ya makampuni makubwa ya siku hizi kutia mguu Kanda ya Ziwa.

Mimi ni kijana wa Ulemo, huko huko Iramba. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaja ya kuaibisha kidogo, na tangu hapo mchana nalima alizeti na usiku naandika riwaya. Riwaya yenyewe ilikuwa ya hazina. Si unajua zile hadithi: Mjerumani anakimbia vita, anachimba shimo chini ya mbuyu, anafukia masanduku ya dhahabu, anachora mshale juu ya mwamba, anatoweka. Miaka mia baadaye anakuja kijana shujaa na ramani. Nilishaandika sura nne na nilikuwa najiona niko njiani kuwa mwandishi.

Kilichonitoa kwenye sura ya tano ni baba yangu mdogo.

Babu yetu, ambaye sasa ana miaka themanini na ushee, ana sarafu moja ya zamani anaitunza ndani ya kikopo cha dawa ya mafua. Ni ya rangi ya manjano. Upande mmoja ina taji, mwaka 1916, herufi D.O.A. na herufi T kwa chini. Upande wa pili ina namba 20. Aliachiwa na baba yake. Na babu husimulia kwamba baba yake, wakati wa vita ya kwanza, akiwa kijana asiyejaota ndevu vizuri, alichukuliwa kubeba mizigo kutoka Sekenke kwenda Tabora. Mizigo yenyewe ilikuwa visanduku vidogo, vizito kupita ukubwa wake. Askari wenye bunduki walitembea mbele na nyuma. Alirudi nyumbani na sarafu tatu na kikohozi kisichopona.

Sasa mtu akisikia "visanduku vidogo vizito" na akiona sarafu ya manjano, akili inakimbilia wapi? Baba mdogo yake ilikimbia bila breki. Akatokea bwana mmoja aliyejiita mtaalamu wa rupia, ana kibegi cheusi na kifaa kinacholia kama chura. Akazunguka kwenye mahame ya babu, kifaa kikalia, akasema: "Mzee, hapa chini kuna mali ya Mjerumani. Sarafu hii ni ufunguo wake." Ila mali ina masharti, na masharti yana gharama. Maksai wawili wa familia, wale wanaolima shamba letu na mashamba ya majirani, wangeuzwa mnadani ili masharti yatimie.

Sitamcheka baba mdogo. Nchi hii imejaa watu waliouza ng'ombe, mashamba, hata nyumba, kwa ajili ya rupia za Mjerumani. Na mimi mwenyewe, kwa sura nne za riwaya yangu, nilikuwa natangaza uongo ule ule, tofauti ni kwamba wangu ulikuwa haujapata mnunuzi. Nikamwomba babu anikabidhi sarafu kwa siku mbili. Nikamwambia baba mdogo, "Subiri nirudi Sekenke." Akanuna, lakini akasubiri.

Kabla ya kwenda nilisoma. Nilisoma maktaba, nilisoma kwenye simu ya kuazima, na niliyoyapata nayaweka hapa kwa utaratibu, maana historia yetu aghalabu tunaipata vipande vipande kama nyama ya ujirani.

Wakati mgodi wa Sekenke unaanza, reli ya kati ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Maana yake, miaka ya kwanza ya mgodi ule kila kilichoingia na kila kilichotoka kilisogea kwa miguu ya watu na wanyama. Dhahabu yenyewe haikuwa ya kuokota mtoni. Ilikuwa ndani ya mishipa ya mawe meupe magumu, iliyojipenyeza kwenye mkanda wa miamba ya kale sana ambao wanajiolojia wanauita mkanda wa Iramba na Sekenke. Ilibidi mwamba uvunjwe, upandishwe juu, upondwe hadi uwe unga, uoshwe kwa maji. Kazi hiyo haifanywi na mkurugenzi mwenye kofia. Inafanywa na mikono mingi.

Na mikono hiyo ilipatikanaje? Hapo ndipo inapoingia kodi. Serikali ya Kijerumani ilianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya kijijini. Mnyiramba alikuwa na ng'ombe, mbuzi, mtama na uwele. Rupia hakuwa nayo. Rupia ilikuwa kwa Mzungu, na ili uipate ilibidi umfanyie Mzungu kazi: shambani, relini, au mgodini. Kwa hiyo wazee wetu walikwenda kuchimba dhahabu ili wapate fedha ya kumlipa yule yule aliyekuwa anachukua dhahabu. Ukikaa ukaitafakari hesabu hiyo utaona ni kama kumuuzia mtu maji ya kisima chake mwenyewe.

Vita ilipoanza mwaka 1914, koloni lilijikuta limefungiwa. Manowari za Kiingereza zilizuia pwani, na kutoka Ujerumani fedha ikawa haiji. Gavana Heinrich Schnee alikuwa na askari wa kulipa, wapagazi, na wafanyabiashara wa kuwanunulia chakula. Wakaanza kuchapa noti za dharura hapa hapa nchini. Watu hawakuzipenda, na nani angezipenda? Ndipo karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha kupiga fedha. Shaba ya manjano, ikiwemo inayosemwa kuwa ya maganda ya risasi za mizinga, ikayeyushwa kuwa sarafu za heller 5 na heller 20. Na dhahabu ya Sekenke ikayeyushwa kuwa sarafu ya rupia 15, yenye tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima upande mmoja, na tai wa Kaizari upande mwingine. Zote zina herufi T, yaani Tabora.

Sarafu za dhahabu zilipigwa 16,198, kati ya mwezi wa Aprili na Julai 1916. Kila moja ina uzito wa gramu 7 na kidogo, na robo tatu ya uzito huo ni dhahabu safi. Nilichukua kalamu nikapiga hesabu kwenye gamba la daftari la riwaya: ni karibu kilo 87 za dhahabu. Siku 19 Septemba mwaka huo huo jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likaingia Tabora, na mambo ya kupiga sarafu yakawa yameisha.

Unaona sasa, msomaji? Visanduku vidogo vizito havikuzikwa popote. Vilifika. Baba yake babu alifanya kazi aliyotumwa, dhahabu ikafika Tabora, ikapigwa tembo, ikatawanyika duniani. Leo sarafu zile za tembo zinauzwa kwenye minada ya Ulaya na Marekani kwa maelfu ya dola.

Lakini kusoma ni kitu kimoja. Nilitaka kuona. Nikapanda basi asubuhi pale Misigiri, nikateremka Shelui, nikachukua bodaboda hadi Nkonkilangi, ambako wachimbaji wadogo wa Sekenke wanaendelea na kazi hadi leo. Njiani vumbi jekundu, mifugo, na akina mama wenye ndoo. Dereva wa bodaboda akaniuliza, "Unaenda kuchimba au kununua?" Nikamjibu naenda kuangalia. Akacheka sana. "Kule hakuna mtu anaenda kuangalia, mshkaji."

Nilikuwa nategemea kuona mji wa sinema, wenye majengo ya mawe na mnara. Kilichopo ni maturubai, maduara yaliyozungushiwa magogo, kelele za makalasha yanayosaga mawe kutwa, na marundo ya mchanga. Duara, kwa msomaji wa mjini asiyejua, ni shimo la kuchimbia, na huwa linashuka chini sana huku kuta zake zimeshikiliwa kwa miti. Mwenyeji wangu alikuwa kijana tuliyesoma naye sekondari, yeye alikuja huku wiki mbili tu baada ya mtihani wa mwisho. Akanionyesha mashimo ya zamani. "Hili la Mjerumani, lile la Mwingereza," anasema, kama mtu anayeonyesha vyumba vya nyumba yao.

Maana Mwingereza naye alikuja. Baada ya vita Tanganyika ikawa chini yake, na miaka ya 1930 dhahabu ikapata soko la ajabu. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei ya wakia moja kutoka dola 20.67 hadi dola 35. Lupa, huko Chunya, ikajaa watafutaji. Geita ikafunguliwa. Sekenke ikachimbwa tena, na kwa muda dhahabu ikawa zao la pili la nchi kwa thamani nje, nyuma ya mkonge. Kisha bei ikaganda hapo hapo kwenye dola 35 kwa miaka zaidi ya thelathini huku gharama zikipanda, na migodi mikubwa ya kizamani ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Taifa huru likarithi mashimo.

Wachimbaji wadogo ndio waliorudi. Mwaka 1990 Benki Kuu ilianza kununua dhahabu yao, na vijana wakamiminika kwenye machimbo ya nchi nzima. Mwaka 1998 likafunguliwa shimo kubwa la kisasa la Golden Pride pale Nzega, mbele kidogo tu ya Shelui, nalo likamaliza dhahabu yake na kufungwa mwaka 2014. Mwaka 2019 serikali ikaanzisha masoko rasmi ya madini ili mchimbaji auze mahali penye mizani inayoonekana. Mwaka 2023 mgodi mwingine ukaanza kutoa dhahabu huko Mang'onyi, wilaya ya Ikungi, mkoani kwetu. Kwa hiyo habari ya Singida na dhahabu haijaisha hata kidogo.

Rafiki yangu alinipeleka kwenye mwalo. Jiwe likishapondwa na kusagwa, unga wake unamwagiwa maji juu ya ubao uliotandikwa gunia, uzito unabaki, wepesi unakwenda. Kile kinachobaki kinatiwa kwenye karai, kinawekewa zebaki. Zebaki inaikamata dhahabu ikawa donge la kijivu. Donge linachomwa, zebaki inapaa kama moshi, na dhahabu inabaki. Niliona kijana akikoroga karai kwa mikono mitupu, na mama mmoja kaketi jirani na moto, mtoto mgongoni. Nikamuuliza rafiki yangu kama wanajua kwamba moshi ule ni sumu, unaharibu mishipa ya fahamu na mtoto ndiye anayeumia zaidi. Akanitazama. "Tunajua. Walishakuja kutufundisha. Ila chombo cha kunasia moshi ni hela, na leo hatujala."

Nilikosa la kujibu. Mimi ndiye niliyekuja kwa nauli ya kuazima.

Nikamwuliza swali jingine, lile lililonileta. "Hapa mmewahi kufukua sanduku la Mjerumani?" Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mzee mmoja anayeuza uji akaniambia, "Mwanangu, Mjerumani alikuwa na akili. Dhahabu aliikuta imefukiwa na Mungu, akapata taabu kuifukua. Sasa aifukie tena kwa nini?"

Pale pale nikatoa sarafu ya babu. Dalali mmoja wa dhahabu akaipokea, akaigeuza, akaisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha tone la tindikali. Alama ikatoa povu, ikawa kijani, ikafutika. "Shaba hii," akasema bila hata kuinua macho. "Weka ukumbusho."

Nilirudi Ulemo kesho yake jioni. Baba mdogo alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, babu kwenye kiti chake cha ngozi. Nikaamkia, nikapewa maji, nikaanza kueleza. Habari ya visanduku. Habari ya karakana. Habari ya tembo na tai.

Baba mdogo akasema, "Zote hawakuzipeleka Tabora. Nyingine walificha."

Nikamwambia, "Baba mdogo, mwaka 1917 Wajerumani waliobaki porini walikuwa wanatengeneza noti za rupia kwa kupiga mihuri ya mpira kwenye karatasi. Mtu mwenye masanduku ya dhahabu hapigi noti kwa mihuri. Na walipoweka silaha chini Novemba 1918 walikuwa wameshazunguka Msumbiji mpaka Zambia ya leo. Walikuwa hawana hata dawa za kutosha."

Akanyamaza. Nikaendelea na hesabu, maana hesabu haina undugu. Rupia moja ilikuwa heller 100. Sarafu ya babu ni heller 20. Kwa kodi ya rupia tatu, ungehitaji sarafu kumi na tano kama ile kulipia nyumba moja. Baba yake babu alirudi na tatu. Na ile ya dhahabu, rupia 15, moja tu ingelipia nyumba tano. Kwa hiyo mtu aliyebeba dhahabu mgongoni mwendo wa siku nyingi alilipwa shaba isiyofikia robo ya kodi yake. Halafu mwaka 1920 Mwingereza akaiondoa rupia, akaleta florini, na muda si mrefu shilingi. Hata ile shaba ikawa haina kazi tena, isipokuwa kutoboa tundu na kumvisha mtoto shingoni.

Babu alikuwa kimya muda wote. Akaomba sarafu yake. Akaitazama kwenye mwanga wa kibatari, upande huu, upande ule. Mwisho akasema, "Kumbe huu ni mshahara."

"Ndiyo, babu."

"Mimi nilidhani ni bahati."

Akairudisha kwenye kikopo. Kisha akamgeukia baba mdogo, akamwambia kwa sauti ya kawaida tu, "Maksai hawauzwi. Mvua zinakuja." Baba mdogo akaondoka bila kuaga, na kwa wiki mbili hakuniita hata kunituma chumvi. Yule mtaalamu wa rupia akasikia upepo umegeuka, akahamia kijiji kingine na kifaa chake cha chura. Siwezi kusema nimemshinda. Nimemhamisha tu.

Vijana wenzangu mnaoandika, sisemi hadithi za hazina ni mbaya. Zina utamu wake, na mimi nimezisoma nyingi kwa mwanga wa kurunzi. Ila nimegundua kitu kimoja. Kila mara tunapomwandika Mjerumani na sanduku lake, tunamfanya yeye kuwa mwenye siri na sisi kuwa watafuta siri. Yule aliyebeba sanduku hatumwoni. Yuko pale pale kwenye hadithi, kijana wa miaka kumi na saba, jasho linamtoka, anatembea katikati ya bunduki mbili, nasi tunamruka kana kwamba ni sehemu ya njia. Na wajukuu zake leo wako Nkonkilangi, wanakoroga zebaki kwa mikono, nao tunawaruka vilevile kwenye basi huku tumesinzia.

Sura zangu nne nimezichana. Si kwa hasira. Nilihitaji karatasi za kuwashia moto, na mahindi yalikuwa mabichi. Nimeanza upya. Safari hii nimeanza na maswali kwa babu, kila jioni maswali matatu, manne, hadi achoke. Majina ya waliotoka kijijini. Njia waliyopita. Walikula nini. Nani hakurudi. Wewe nawe una babu au bibi mahali fulani, na umri wao haurudi nyuma. Waulize, andika tarehe, kisha nenda maktaba ukahakikishe, maana kumbukumbu ya mzee na kitabu ni kama mafiga, moja peke yake halishiki chungu.

Juzi baba mdogo alikuja. Akasimama mlangoni, akakohoa kidogo, akauliza kama ile habari ya sarafu ya tembo nimeiandika mahali aisome. Nikampa daftari. Alisoma amesimama, midomo ikicheza. Alipofika pale panapotaja baba yake babu, akaninyoshea kidole.

"Hapa umeandika 'mpagazi mmoja'. Alikuwa na jina yule."

Nikachukua kalamu, nikafuta, nikaliandika.